NENO LA KATIBU WA TAWI KWA VIJANA WA MITAMBO: SAUTI YA UKUMBI IWAFIKIE WALIO NJE

*Kwa wanachama wote wa Tawi.* Haya ni maneno niliyozungumza Jumamosi na vijana wetu wa mitambo mbele ya Kamati ya Utendaji. Wengi mliomba niyatume kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu wa Tawi. Nimeyaacha karibu kama yalivyosemwa. Ni marefu, yasomeni kwa mafungu.



Katika mkutano uliopita mama yetu mmoja alisimama kule nyuma ya ukumbi akauliza kama katika hesabu zilizosomwa kuna fedha za posho za wajumbe. Mweka Hazina akajibu kwa ufupi: "Hizo fedha hazipo." Ukumbi ukapiga makofi, maana hilo ndilo jibu walilotaka kulisikia. Lakini waliokuwa wakitufuata kwa simu hawakulisikia swali, hata neno moja. Walisikia kimya, mtu akakohoa, kisha Mweka Hazina akasema fedha hazipo, halafu makofi. Kabla ya magharibi kwenye makundi ya WhatsApp ilikwisha kuwa habari kwamba Mweka Hazina amekiri mbele ya mkutano. Tulitumia siku nne kuuzima moto ule, na nina hakika wapo ambao mpaka leo wanaamini walichosikia. Nao hawakudanganya. Walisema walichosikia.

Fundi aliyekodiwa siku ile alikuwa na maiki moja, akaiweka meza kuu. Sikuja kumsema. Nimekuja kueleza jinsi tutakavyofanya safari hii, kwa vifaa tulivyonavyo, na kwa nini.

Tukumbuke kwanza nani yuko nje. Yuko mzee wetu aliyevunjika nyonga, tangu mwaka jana hatoki. Yuko dada yetu muuguzi, zamu yake huangukia siku za mikutano. Wako madereva wetu wawili ambao saa hizi huenda wamekaa kwenye foleni ya malori pale Tunduma. Hawa wanalipa ada kama wewe unayekaa kiti cha mbele. Safari hii wanataka kusikia wajumbe wenzao wakihoji hesabu, na wanataka kuuliza na wao. Kwa hiyo sauti tunazohitaji kuziingiza katika kompyuta moja ni nne: ya meza kuu, ya mjumbe aliyesimama ukumbini, ya mwanachama aliyepiga kutoka mbali, na ile inayotoka ndani ya kompyuta yenyewe, kama tukicheza wimbo au ujumbe uliorekodiwa.

Sasa tatizo lenyewe. Kompyuta haina shida ya kutambua maiki nyingi. Chomeka tatu, zote utaziona kwenye orodha. Shida ni kwamba programu nyingi, Zoom ikiwemo, zinakuambia uchague moja. Ukichagua ya meza kuu, ya ukumbi imelala. Ukibadilisha katikati ya mkutano, unakata mtu kauli. Ndiyo maana watu wengi huishia kuweka simu moja juu ya meza wakidhani itanasa wote. Simu imetengenezwa kumsikia aliye karibu nayo, na mara nyingi huihesabu sauti ya mbali kuwa kelele ikaipunguza. Mama aliyeko nyuma ya ukumbi, kwa simu ile, ni kelele.

Programu tutakayotumia ni OBS Studio. Ni ya bure, haina malipo ya mwezi, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na imekuwapo tangu mwaka 2012. Yenyewe haikulazimishi kuchagua maiki moja. Kwenye mipangilio yake ya sauti kuna nafasi nne za maiki na mbili za sauti inayotoka ndani ya kompyuta, na ukitaka zaidi unaongeza kama vyanzo vingine. Kila sauti inapata mstari wake chini ya skrini, na kijiti chake cha kupandisha na kushusha. Mimi mtu wa hesabu nilipoiona mara ya kwanza nilijisikia nyumbani: ni daftari la fedha lenye safu. Kila shilingi inaingia kwenye safu yake, jumla inapatikana mwisho. Anayeandika mapato yote safu moja hataweza kukuambia mchango umekuwa kiasi gani na ada kiasi gani.

Vijana mtaniuliza: basi kwa nini tusinunue maiki nne za USB, tuzichomeke zote, kazi iishe? Nililiuliza hilo pia. Jibu ni saa. Kila kifaa cha USB kina saa yake ndogo ndani inayohesabu vipande vya sauti, mara nyingi 48,000 kwa sekunde. Hakuna saa mbili zinazokwenda sawasawa kabisa. Tuchukue tofauti ndogo sana, sehemu 50 kwa milioni. Kwa sekunde moja huioni. Kwa saa nzima ni sekunde 0.18, na mkutano wetu huchukua saa tatu. Programu hujitahidi kurekebisha, na wakati mwingine marekebisho yenyewe ndiyo ile sauti ya kukatika-katika tunayoisikia. Wenye Mac wanaweza kuunganisha vifaa kadhaa vikaonekana kama kimoja, kwa kutumia programu inayokuja na kompyuta yenyewe. Humo huchaguliwa kifaa kimoja kiwe saa ya wote, na vingine vinawekewa alama ya kusahihishwa vikipotea. Laptopu ya Tawi ni ya Windows, kwa hiyo hilo tuliache.

Ushauri wangu, na ninausimamia: *sauti zote zinazopatikana ukumbini ziunganishwe kabla ya kufika kwenye kompyuta.* Maiki za meza kuu na maiki mbili za ukumbi zichomekwe kwenye miksa. Miksa itoe waya mmoja wa USB kwenda kwenye laptopu. Hapo saa ni moja tu. Kompyuta tuiachie kuunganisha yale ambayo miksa haiwezi kuyaunganisha vizuri, yaani mpigaji wa mbali na sauti za ndani.

Ubaya wake upo, na ni lazima niuseme. Kikishachanganywa kwenye miksa, hakichambuliki tena. Kama maiki ya ukumbi ilikuwa juu mno, kwenye rekodi itabaki juu mno. Kwa hiyo anayekaa kwenye miksa si mtu wa kupewa kazi ya kugawa maji pia. Akae, avae hedifoni, asikilize kile kinachokwenda nje, si kile anachokisikia kwa masikio yake ukumbini. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa. Makosa mengi niliyoyaona katika mikutano ya watu yanatokana na fundi kusikiliza spika za ukumbi na kuridhika.

Kwa wenye miksa isiyo na USB, nawatahadharisha kuhusu tundu. Laptopu nyingi za sasa zina tundu moja dogo la duara, nalo ni la hedifoni na maiki kwa pamoja. Plagi yake ina vipande vinne vya chuma. Ukichomeka waya wa kawaida wa vipande vitatu kutoka kwenye miksa, laptopu itadhani umeleta hedifoni, na haitapokea chochote. Utakaa nusu saa ukigeuza waya. Kinachohitajika ni kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu lake la maiki. Na hata hapo, sauti inayotoka kwenye miksa ina nguvu kubwa kuliko ile ambayo tundu la maiki linaitarajia, kwa hiyo shusheni miksa kwanza, mpandishe taratibu. Sauti iliyopasuka wakati wa kuingia haitengenezwi baadaye na programu yoyote.

Kuna na hili la sikio moja. Miksa na kadi nyingi hupeleka pande mbili, kushoto na kulia, na maiki iliyochomekwa upande mmoja huenda nje upande huo tu. Dereva aliyevaa kisikilizio cha sikio moja, tena kile cha kulia, hatasikia kitu, atadhani mkutano umeahirishwa. Katika OBS, kwenye mipangilio ya ziada ya kila sauti, kuna kisanduku cha kuunganisha pande hizo mbili ziwe moja. Kiwekeni alama. Mkutano wa Tawi si muziki, hauhitaji kushoto na kulia.

Nije kwenye sehemu iliyotusumbua jioni tatu mfululizo: mwanachama anayepiga kutoka mbali.

Mwanachama huyu anatakiwa kusikia ukumbi wote. Ukumbi unatakiwa kumsikia yeye. Wanaotazama wanatakiwa kusikia wote wawili. *Lakini yeye hatakiwi kujisikia mwenyewe.* Hapo ndipo penye kazi. Sauti yake ikitoka kwenye laptopu ikaenda kwenye spika za ukumbi kupitia miksa, na miksa ikairudisha kwenye laptopu pamoja na maiki nyingine, atasikia maneno yake yakimrudia baada ya nusu sekunde au zaidi. Jaribuni kuongea huku maneno yenu yanawafuata nyuma. Mtu hawezi. Ataanza kugugumia, ataomba radhi, atakata simu, na sisi tutasema mtandao wa kule ni mbaya.

Njia ya kwanza ni ya miksa. Miksa nyingi za kati zina njia ya pembeni ya kutolea sauti, na kila maiki ina kitufe chake cha kuamua iende kiasi gani kwenye njia hiyo. Kwa mpigaji tumia njia hiyo ya pembeni: maiki zote zipande, mstari wa laptopu uwe sifuri. Anapata kila kitu isipokuwa nafsi yake.

Njia ya pili ni ya programu, kwa wasio na miksa ya namna hiyo. Kuna programu ya Windows iitwayo VoiceMeeter, iliyotengenezwa na Mfaransa Vincent Burel. Unaichukua na kuitumia, na mwenyewe anaomba mchango kwa anayeweza. Toleo lake liitwalo Banana lina milango mitatu ya vifaa vya kushikika na miwili ya programu. Hii inaiambia kompyuta kwamba yenyewe ni maiki. Kwa hiyo Zoom inayotaka maiki moja inapewa moja, kumbe nyuma yake zipo tatu. Na kila mstari una vitufe vya kuchagua sauti iende wapi: spika, au kwa programu nyingine, au kote. Sauti ya mpigaji tunaiwashia kitufe cha spika tu, cha kurudi Zoom tunakizima. Maiki za ukumbi tunafanya kinyume chake. Nilimwona kijana wetu mmoja akilipanga hilo kwa dakika tano baada ya kulielewa, na kabla ya kulielewa lilimchukua siku mbili. Ni jambo la kuchora kwenye karatasi kwanza: nani anamsikia nani. Mkichora mishale hamtapotea.

Upande wa OBS, sauti ya mpigaji tuichukue moja kwa moja kutoka kwenye Zoom. Tangu toleo la 28 la mwaka 2022, OBS ya Windows inaweza kuchukua sauti ya programu moja tu na kuacha nyingine zote. Hii ni rehema. Kabla yake, ukichukua sauti ya kompyuta unachukua yote, pamoja na mlio wa ujumbe unaoingia. Na mpigaji anapoongea, maiki za ukumbi zishushwe. La sivyo zitainasa sauti yake kutoka kwenye spika na kuirusha mara ya pili, ikiwa imechelewa kidogo, na huo ndio mwangwi ambao watu huandika kwenye maoni "sauti mbaya" bila kujua umetoka wapi.

Hilo linanileta kwenye kanuni ya maiki zilizo wazi. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde. Mwenyekiti akiongea, maiki iliyo mbele yake inapata neno papo hapo. Ile iliyo nyuma ya ukumbi, mita 17 kutoka kwake, inalipata sekunde 0.05 baadaye. Zote zikiwa wazi, msikilizaji anamsikia Mwenyekiti mara mbili, kama mtu aliyeingia ndani ya pipa. Kwa hiyo maiki ya ukumbi ifunguliwe mjumbe anaposimama, ifungwe anapokaa. Mafundi wana kipimo chao cha kuweka maiki mezani: umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya mdomo na maiki. Meza kuu yetu ina watu watano na maiki mbili. Wasogee, wasivute maiki moja watatu.

Viwango vya sauti nitavipitia haraka. OBS inaonyesha rangi. Kijani ni mpaka desibeli −20, njano mpaka −9, baada ya hapo nyekundu, na ikifika sifuri imepasuka. Mtu akiongea kawaida acheni agonge kwenye njano. Mpigaji wa mbali na mjumbe wa ukumbini wawe sawa na Mwenyekiti. Nasema hivi kwa makusudi, kwa sababu nimeona kwa macho yangu kijiti cha mtu anayehoji kikishushwa kidogo na cha anayejibu kikipandishwa kidogo. Hakuna aliyeagiza. Mkono ulikwenda wenyewe. Katika Tawi letu, vijana, vijiti vipangwe kabla ya mkutano kwa kila maiki kwa sauti ya mtu halisi, na visiguswe kwa sababu ya maneno yanayosemwa. Mkipokea ishara kutoka meza kuu ya kumshusha mtu, hiyo si kazi yenu. Mwenyekiti anayo kengele yake.

Vifaa vyote viwekwe kwenye kasi moja, 48,000, ndani ya mipangilio ya Windows na ndani ya OBS. Kimoja kikiwa 44,100 na kingine 48,000 mtapata mikwaruzo isiyoeleweka. Picha ya kamera mara nyingi huchelewa kuliko sauti, kwa hiyo mmoja asimame mbele ya kamera apige kofi, mwangalie rekodi, kisha sauti icheleweshwe kwa milisekunde zile zinazokosekana. OBS ina kisanduku chake cha kazi hiyo kwa kila sauti.

La mwisho ni bando, maana hapa ndipo Mweka Hazina huamka. Sauti nzuri ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula takriban megabaiti 58 kwa saa. Picha ya kilobiti 2,500 inakula zaidi ya gigabaiti moja kwa saa hiyo hiyo. Yaani sauti ni karibu sehemu moja ya ishirini ya picha. Mtandao ukilegea, msikimbilie kukata maiki wala kupunguza sauti. Punguzeni picha, hata ikibaki sura ya ukungu. Mzee wetu aliniambia yeye simu anaifunika kitandani na kusikiliza tu. Sura zetu anazijua.

Kuhusu gharama: miksa tunayo, ya kwaya ya jirani zetu, wametukubalia kuikodi kwa siku mbili. Laptopu ni ya ofisi. Programu ni za bure. Kitakachonunuliwa ni kadi moja ya sauti ya USB ya akiba na waya mrefu wa maiki wa kufika safu za nyuma, na stakabadhi zake zitabandikwa ubaoni kama kawaida.

Majaribio ni *Alhamisi saa kumi jioni* ukumbini. Kijana mmoja akae kwenye miksa, mwingine kwenye laptopu, wa tatu atembee na maiki katikati ya safu. Wajumbe sita waje wakae viti vya nyuma kabisa na waulize maswali kwa sauti zao za kila siku, wasipaze. Dada yetu muuguzi amekubali kuwa mpigaji wa majaribio akiwa kazini kwake. Na nimemwomba yule mama aliyeuliza kuhusu posho aje, akae pale pale alipokaa, aulize swali lile lile. Mweka Hazina atalijibu.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi